Nukta ya Saa Saba na Dakika Kumi

Jina langu limo katika orodha ya watu waliogundua kitu kinachoandamana na nyota moja iliyo jirani na jua letu, na mimi sijui kama nilikigundua. Orodha hiyo imechapishwa kwenye jarida la wasomi. Mbele ya jina langu pameandikwa Kibiti, Tanzania, na kwa miaka yote hii watu watatu wamenionyesha ukurasa huo kwa nyakati tofauti, kila mmoja akidhani ananiletea habari njema. Nikawashukuru wote. Hakuna hata mmoja niliyemwambia kwamba jina lile nililiweka mwenyewe, kwa hasira, siku ambayo nilimshuku mtu niliyekuwa nafanya naye kazi meza moja.

Miezi miwili iliyopita nilikwenda Mtawanya kwenye hitima ya Mzee Salumu, aliyekuwa mwajiri wangu. Chini ya turubai, upande wa pili wa sufuria za pilau, nilimwona Mwanaidi. Alikuwa amenenepa kidogo na amevaa miwani. Aliniona, akainamia sahani alizokuwa akizipanguza, akazipanguza zote mpaka ya mwisho, ndipo akainua uso. Nimekuwa mwandishi wa habari wa redio kwa muda wa kutosha kujua mtu anapojipa nafasi ya kufikiri. Nikajiuliza anafikiri nini, na swali hilo lilinirudisha kwenye mwaka mmoja tu wa maisha yangu, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na sita, katika chumba kimoja kando ya barabara ya lami iendayo kusini.

Chumba chenyewe kilikuwa steshenari ya Mzee Salumu. Ukiingia, kulia kulikuwa na mashine ya kutoa kopi iliyotoa joto kuliko karatasi. Kushoto, pazia la bluu la kupigia picha za paspoti. Katikati, meza ndefu yenye kompyuta mbili, moja ya kuchapia barua na moja ya intaneti. Kulikuwa na kiti kimoja kizuri, cha intaneti, na mimi na Mwanaidi tulikikalia kwa zamu. Harufu ya plastiki ya kulaminishia vyeti ilishika nguo zetu kiasi kwamba nikifika nyumbani walijua nilikotoka kabla sijabisha hodi. Mzee mwenyewe alishinda barazani, mgongo ukiegemea ukuta, akisalimiana na kila apitaye. Kila alichonacho kinachoonyesha saa, kuanzia ya ukutani hadi za kompyuta zote mbili, alikiweka kwa hesabu yetu: jua likichomoza inasoma kumi na mbili, adhuhuri inasoma sita. "Mashine imekaa Kibiti," alisema, "isome saa ya Kibiti." Fundi mmoja wa Ikwiriri alimwonya kwamba kompyuta yenye saa ya namna hiyo itagoma kuingia mtandaoni. "Ikigoma nitakuita," Mzee akamjibu. "Mpaka leo anayegoma ni wewe." Haikugoma. Baada ya miezi michache sisi pia hatukuona ajabu tena: tarakimu za kwenye kioo zikisoma 07:00, ujue ni saa saba mchana, muda wa kufunga kwenda kula, na Ijumaa muda wa kufunga kwenda kuswali.

Mambo ya nyota aliyaleta Mwanaidi. Alikuwa mtu wa Delta, kule mto unakoingia baharini, na utotoni mwake alilinda mpunga kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho mlinzi hukaa akitazama nguruwe pori na ndege wanaovamia shamba. Siku moja, akimtafutia mwanafunzi habari za sayari, aliangukia ukurasa wa wanasayansi waliokuwa wakiomba msaada wa watu wa kawaida. Walikuwa na picha nyingi mno za anga, zilizopigwa na chombo kilichoko nje ya dunia, kisichonasa mwanga unaoonekana kwa macho bali joto. Sehemu ileile ya anga ilipigwa tena na tena kwa miaka kadhaa. Picha hizo waliziunganisha zikawa zinapokezana, moja baada ya nyingine, zikipepesa. Nyota za mbali hukaa palepale. Kitu kilicho karibu nasi huonekana kimesogea. Walichokitafuta hasa ni vibete vya kahawia: vitu vikubwa kuliko sayari lakini vidogo mno kuweza kuwaka kama nyota, vikapoa mpaka vingine joto lake halifiki hata la tanuri la mikate. Jicho haliwezi kuviona. Kwenye picha zile huonekana kama nukta ndogo ya rangi ya chungwa, na baadhi yake huandamana na nyota: nyota ikisogea, nukta nayo inasogea, kwa mwendo uleule na kwa upande uleule. Kompyuta za wanasayansi zilikosea kila zilipofika karibu na nyota kali, kwa sababu mng'ao wake hujaza picha vivuli vya uongo. Ndiyo maana walitaka macho ya watu.

Mwanaidi alinifundisha kutazama. Mimi nilikimbilia kinachong'aa. "Hicho acha," aliniambia. "Nguruwe hang'ai. Wewe tazama mpunga wote, usiukodolee macho, halafu ngoja kitu kihame." Na ni yeye aliyeweka sharti: hakuna kuweka alama bila shahidi. Kwao Delta, alisema, mlinzi wa dungu moja hakupiga kelele mpaka wa dungu la pili naye aone, la sivyo kijiji kizima kitakesha kwa ajili ya kivuli. Basi mmoja wetu akiona nukta imehama, alimwita mwenzake. Mwenzake akisema "nimeshuhudia," ndipo tunabofya. Akaunti ilikuwa moja, kwa jina la duka, kama zilivyokuwa akaunti zote pale. Hatukuona sababu ya kuwa na mbili. Nani angetuuliza nani ni nani?

Mwaka ule Kibiti ilijaa macho. Wenye kuukumbuka wanajua, na wasioukumbuka itoshe niseme kwamba watu walifunga milango kabla ya magharibi kwa hofu ya wauaji wasiojulikana, mgeni aliulizwa anamfuata nani, na karatasi yoyote yenye mistari ilidhaniwa ramani. Kompyuta inayopepesa mchana kutwa isingeweza kupita hivihivi. Wa kwanza kusema alikuwa Bi Tausi, mama lishe wa jirani, tuliyekula kwake wali wa nazi na kambale mkavu.

"Mashine yenu inakonyeza," alimwambia Mwanaidi, akitua sahani. "Inamkonyeza nani?"

"Inaonyesha nyota, Bi Tausi."

"Nyota za nani? Mnapiga ramli? Kuna watu wanasema mmeingia frimasoni."

"Frimasoni gani anakula kambale mkavu siku nne mfululizo?"

"Labda mmeingia juzi," alisema Bi Tausi, "malipo bado." Akacheka, lakini alipoondoka alipita nyuma ya kiti changu na kusimama pale kwa muda kuliko alivyohitaji.

Wiki iliyofuata alikuja mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa mtu mpole, na mwaka ule upole wake ulikuwa umemkondesha. Hakukaa. Alimsalimia Mzee barazani, akaingia, akasimama mbele ya kioo mikono nyuma. Picha zikapepesa. Akanyoosha kidole kwenye nukta moja.

"Hii ni nyumba ya nani?"

Nilimwambia si nyumba, ni anga.

"Chombo kilichopiga kiko wapi?"

"Juu, mwenyekiti. Kinazunguka dunia."

"Sasa kiko juu, kitapiga nini kama si sisi tulio chini?"

"Kimeigeuzia dunia mgongo," alisema Mwanaidi. "Kinatazama juu zaidi."

Mwenyekiti aliinamia kioo. "Kwa nini kitazame huko, wakati matatizo yako huku?" Akatuuliza tunamtumia nani, kwa nini tunatuma bure, na nani kati yetu ndiye anayetuma. Swali la mwisho alilirudia mara mbili. Mwanaidi akajibu kwamba tunatuma wote, hakuna anayetuma peke yake. Mwenyekiti akaniangalia mimi, nami nikasema ni kweli. Alipotoka, Mzee Salumu alituita barazani akasema maneno machache tu: "Mimi siwakatazi. Lakini siku nikiulizwa nani kafanya nini, nataka nijue la kujibu."

Miezi ilipita. Tuliweka alama nyingi, na nyingi zilikuwa vivuli. Halafu ikaja barua pepe kwenye anwani ya duka, kwa Kiingereza, na ilikuwa zamu yangu ya kiti. Waliandika kwamba nukta moja kati ya tulizozitia alama imechunguzwa kwa darubini kubwa zaidi. Ni kibete cha kahawia, cha baridi sana, kinaandamana na nyota ya jirani, na hakuna aliyewahi kukiona. Akaunti yetu ndiyo ilikuwa ya kwanza. Walitaka jina kamili la mtu aliyeweka alama ile, ili liingie katika orodha ya wagunduzi, na ili kutusaidia kukumbuka wakatuwekea siku na saa: Ijumaa, 07:10. Mbele ya tarakimu hizo palikuwa na herufi tatu kubwa, UTC, tulizodhani ni kifupi cha jina la chuo chao.

Tulishangilia, nakumbuka. Mwanaidi alipiga kigelegele mpaka Bi Tausi akaja na mwiko mkononi. Furaha ile ilidumu labda robo saa. Kisha nikaisoma tena barua, nikatazama saa ya kwenye kioo, na nikasema kwa sauti kile ambacho wote wawili tulikuwa tumeshaanza kukihesabu: saa saba na dakika kumi, Ijumaa. Duka limefungwa. Mimi niko msikitini. Ufunguo anao Mwanaidi.

"Mimi nilikuwa kwa Bi Tausi nakula," alisema.

"Sijakuuliza."

"Umeniuliza kwa macho."

Tabia yangu ya kufuatilia mambo ilianza pale, na najuta kwamba kesi yangu ya kwanza ilikuwa ile. Nilikwenda kwa Bi Tausi bila kumwambia Mwanaidi. Nilimuuliza kama Ijumaa ile, miezi kadhaa nyuma, Mwanaidi alikula kwake. Bi Tausi akaniambia hana daftari la matumbo ya watu. Nilipombana, akasema kulikuwa na Ijumaa fulani Mwanaidi alikula haraka akaondoka kabla watu hawajatoka msikitini. Ni ipi, hajui. Hilo lilinitosha. Jioni nikagundua kwamba na Mwanaidi alikuwa na uchunguzi wake.

"Umemuuliza muadhini kama niliswali?" nilimkabili.

"Nilimuuliza kama ulikaa mpaka mwisho. Kitasa cha mlango wa nyuma kimelegea, Shabani, sote tunajua kinafunguka bila ufunguo."

"Amekujibu nini?"

"Kwamba yeye anaelekea kibla, hahesabu viatu."

Leo naweza kucheka. Siku ile hatukucheka. Kilichoniuma hakikuwa orodha ya wasomi; kilichoniuma ni kwamba sharti la shahidi lilikuwa lake, na tulisimama mbele ya mwenyekiti tukaapa kwa sharti hilo. Kama alivunja la nyota, nilijiambia, anavunja na mengine. Nikaanza kukumbuka simu alizopokelea nje na karatasi alizochapa zikabaki kwenye mkoba wake. Katika mji ambao kila mtu alimshuku jirani, shaka yangu ilipata chakula kila siku. Siku tatu baadaye, asubuhi, nikiwa peke yangu kitini, niliijibu ile barua. Niliandika jina langu, la baba na la babu. Sikuandika la mtu mwingine. Nilipomaliza nilifuta barua niliyotuma, kisha nikaenda kuosha mikono, sijui kwa nini.

Mwanaidi aliliona jina langu pale orodha ilipochapishwa. Alisoma, akashusha ukurasa mpaka mwisho, akaurudisha juu. "Hongera," alisema. Mwezi haukuisha akaaga. Alipata kazi Mchukwi. Mzee Salumu alimsindikiza mpaka barabarani akiwa amebeba mkoba wake, jambo ambalo sikumwona akimfanyia mtu mwingine. Aliporudi alisimama mlangoni. "Sasa nikiulizwa nani kafanya nini," alisema, "niseme nini?" Nikajifanya nashughulika na mashine ya kopi. Mwenyekiti alikuja kunipongeza akiwa na kanzu safi, akaomba aonyeshwe tena ile nukta. Aliitazama kwa muda mrefu. "Kumbe kweli haikuwa nyumba," alisema, na nilisikia kwamba hata wakati ule hakuwa ameamini vizuri.

Saa ile niliigundua miaka mitatu baadaye, Dar es Salaam, kwenye chumba cha habari. Nilikuwa napokea taarifa za mashirika ya nje, na kila moja ilikuja na muda na zile herufi tatu. Mhariri alinionya nisikosee: huo ni muda wa kimataifa, ongeza saa tatu upate wa kwetu. Niliongeza saa tatu kwenye taarifa ya siku ile, kisha nikaikumbuka ile barua ya wanasayansi. Saba na dakika kumi, ongeza tatu: kumi na dakika kumi kwa saa ya ofisini. Yaani saa nne na dakika kumi asubuhi. Mlango wa duka uko wazi, Mzee yuko barazani, Mwanaidi na mimi tuko kazini. Wanasayansi hawakutumia saa ya Kibiti. Sisi tuliisoma barua yao kwa saa ya Mzee Salumu, na kwa hesabu hiyo nikamwona mwizi kwenye chumba kilichokuwa kitupu.

Ningeweza kwenda Mchukwi wiki ileile. Sikwenda. Nilijiambia nina kazi. Ukweli ni kwamba, mara tu nilipoacha kumshuku kwa saa saba, niliikumbuka saa nne. Saa nne ilikuwa saa ya chai. Kila siku mmoja wetu alichukua chupa akaenda kwa Bi Tausi kuijaza na kungoja chapati, na mwenzake akabaki kwenye kiti. Dakika kumi, kumi na tano. Yeyote aliyebofya saa nne na dakika kumi alikuwa peke yake. Alibofya bila shahidi. Na mimi, nikibaki peke yangu, nilishawahi kubofya bila shahidi. Si mara moja.

Haya ndiyo niliyomweleza Mwanaidi pale Mtawanya, baada ya dua, tukiwa tumesimama kando ya matofali yaliyopikiwa pilau. Nilieleza kwa mpangilio, kama ninavyosoma taarifa. Nilipofika kwenye zile herufi tatu alivua miwani akaifuta na ncha ya mtandio.

"Najua," alisema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili niko Mchukwi. Mashine za kule zina saa ya kawaida. Nilikuwa nimeihifadhi ile barua, nikaisoma upya."

"Na hukunitafuta?"

"Nikutafute nikwambie nini? Kwamba si saa saba, ni saa ya chai? Ungeniuliza: chai ya siku ile alifuata nani?"

Nilimuuliza. Alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, na halikuwa tabasamu la kunifurahisha.

"Umeona?" alisema. "Shabani, hujaacha."

"Wewe ulikuwa unabofya peke yako?"

"Wewe?"

"Mara chache."

"Basi na mimi mara chache." Alivaa miwani. "Au Mzee. Alikuwa anaingia kukaa kwenye kile kiti sisi tukiwa na wateja. Anasema anapunga upepo wa feni."

Tulicheka wote wawili, tukimwona Mzee na kipanya mkononi. Kisha tukaacha kucheka karibu wakati mmoja. Ndani ya nyumba walikuwa wakikusanya misahafu.

Nilimwambia nitawaandikia wale wasomi wabadilishe, waweke jina lake. Akakataa kabla sijamaliza. "Ukiandika jina langu bila shahidi," alisema, "utakuwa umerudia kosa lako, tena kwa jina langu." Nikapendekeza yote mawili. Akasema aliyebofya ni mmoja, na hapendi kusimama kwenye orodha akijiuliza kama ameshika nafasi ya mwenzake. "Hiyo kazi," alisema, "naiona unaiweza wewe." Aliniaga kwa adabu zote, akamuulizia mama yangu, akaondoka na wanawake wa Mchukwi. Sikujua, na sijui, kama alikuwa anakumbuka na ameamua kunyamaza. Nilimtazama mpaka akapinda kona, nikitafuta dalili, kama ambavyo ningemtazama mtu yeyote ninayemhoji.

Niliwaandikia hata hivyo. Niliwaambia kwamba jina walilonalo halina uhakika, nikawaeleza habari ya saa, ya chai na ya kiti. Walijibu kwa upole, baada ya siku mbili. Walisema kumbukumbu zao zinaonyesha akaunti tu, haziwezi kuonyesha mkono. Walisema pia kwamba kile kibete na nyota yake bado vinasogea pamoja, kwa mwendo uleule. Barua yao inaisha kwa swali moja: basi tuweke jina la nani? Imekaa kwenye simu yangu kwa wiki tano. Sijaijibu.